Rupia ya Kung'aa

Bati la tano lilipong'oka, mvua ikaanza kunyesha ndani ya nyumba. Cecilia alilivuta godoro hadi kwenye kona iliyobaki na paa, akaketi akimtazama Stephano, fundi kutoka Mlali, akiivua nguo nyumba ya babu yake.

"Dada, una uhakika?" Stephano aliuliza kutoka juu. "Masika ndiyo hii imeingia."

"Ng'oa."

Uhakika autoe wapi? Mumewe, Tomasi, alikuwa na siku ya tisa hospitalini mjini, mguu umevunjika mara tatu baada ya kuteleza mlimani na mzigo wa kabichi. Daktari hakuzungukazunguka: milioni mbili na nusu za kuweka vyuma zipatikane kabla ya Jumatatu, la sivyo mguu unakatwa. Na mkulima wa Uluguru mwenye mguu mmoja atapanda shamba lipi?

Kwa mabati yote yale makuukuu Stephano alimpa laki mbili tu. Kwa hospitali, laki mbili si chochote. Lakini ndiyo ada ya kupimiwa rupia.

Rupia yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye leso, kifuani mwake. Sarafu ya fedha tupu ya enzi za Mjerumani, yenye kichwa cha mfalme mwenye masharubu. Kila Krismasi bibi yake aliisugua kwa majivu na ndimu, kisha mama yake, kisha yeye mwenyewe, mpaka ungeweza kujitazama meno. Mzee Oscar, mtaalamu wa sarafu wa Kihonda, aliiona kwenye picha ya simu akakataa kutaja bei. Ni lazima aipime kwa vifaa vyake na kuiandikia cheti, ndipo wanunuzi wa nje watoe hata milioni tano. Au wasitoe kitu. Ada hairudishwi.

Cecilia aliwaza siku mbili mpaka kichwa kikamuuma. Hapo ndipo alipomkumbuka babu.

Babu Fransisko, seremala wa misheni aliyeiezeka nyumba hiyo kwa mikono yake, alikuwa na neno lake moja ambalo wajukuu walimwigiza nalo na kucheka: "Mkikwama, tazameni juu. Hela ipo." Padri alilipenda neno hilo, hata akalihubiri siku ya mazishi: mzee alijua kila riziki hutoka kwa Mungu. Basi Cecilia akapiga magoti, akatazama juu, akaomba. Alichokiona ni mabati.

"Na haya makorokoro?" Stephano alimwaga chini rundo la misumari iliyopinda pamoja na washa zake, visahani vidogo vyeusi vyenye tundu, ambavyo babu alikuwa ameviweka chini ya kila kichwa cha msumari ili paa lisivuje. "Mazito haya. Washa za siku hizi ni karatasi tupu."

"Nitayafanyia nini? Chukua na hayo."

Stephano aliyapima kama chuma chakavu, akampa elfu sita. Jioni ile ile lori la chakavu lilipita Mlali likayabeba kwenda kuyeyushwa. Elfu sita ikawa nauli ya Kihonda, kwenda na kurudi. Cecilia alimshukuru Mungu hata kwa hilo.

Jumamosi asubuhi alifika Kihonda, akaweka laki mbili mezani, akafungua leso. Mzee Oscar aliipima rupia kwa mizani, akaigeuza chini ya lenzi.

"Ni ya kweli," alisema.

Cecilia alianza kutabasamu.

"Lakini imesuguliwa. Majivu?"

"Na ndimu, baba."

"Mmeila uso, mama. Kila mlipoisugua mlikuwa mnafuta bei yake. Elfu thelathini, na hapo nimekuonea huruma."

Cecilia alilia bila kujificha. "Baba, mume wangu wanamkata mguu Jumatatu!"

Mzee Oscar hakuwa mtu mbaya. Alimsogezea kiti, kisha akavuta droo.

"Nyumbani hamkubaki nyingine? Sisemi za kung'aa. Kuna mteja wangu anatafuta zile chafu, ambazo hazijaguswa tangu enzi zile. Moja tu anatoa milioni tatu, nami nimeipata hii moja tu maisha yangu yote." Akaiweka mezani: ndogo, nyeusi, yenye tundu katikati. "Mwingereza alipoingia zilikosa kazi, wazee wakazitupa. Jina lake tu ndilo lililobaki vinywani mwetu. Hizi ndizo zilizoitwa hela."

Cecilia aliinua macho, akatazama juu kama babu alivyoagiza. Kisha akafumbua kiganja, akaitazama elfu tatu yake ya nauli ya kurudi, iliyobaki kwenye bei ya washa za babu.