Mabakuli Thelathini na Nane

Bakuli la ishirini na tisa lilifika Jumamosi asubuhi, bado la moto, limefunikwa foili. Orville Skaar hakujali kilichomo. Alilinyanyua juu ya kichwa kama fundi anayekagua uvungu wa gari, akasoma jina lililoandikwa kwenye utepe wa gundi chini yake. Akaenda kwenye orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani, akaweka tiki.

"Familia ya Ardis Moen," alimwambia mkewe. "Kura mbili hizo."

Verna alilichukua bakuli akalipeleka gereji, ambayo mwezi wa Novemba, kwa baridi ya kwetu, ni friji kubwa kuliko ya dukani. Ya jikoni ilikuwa imeshajaa tangu Alhamisi.

Orville alikuwa ameketi kwenye bodi ya shule ya Solvik miaka kumi na sita, na alitaka minne mingine. Alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kukubali mbele ya mtu. Tangu astaafu kazi ya kupima nafaka ghalani, Jumatatu ya kikao ndiyo siku pekee aliyovaa tai, na ndiyo siku pekee watu walinyamaza akizungumza. Akikipoteza, atabaki mzee wa kulisha paka.

Safari hii kulikuwa na jambo. Timu ya mpira ya shule ilibaki na wachezaji tisa, na mchezo wenyewe unataka kumi na mmoja. Wengine walisema tuungane na Dunmore, mahasimu wetu wa maili kumi na mbili. Orville alisema Solvik itaungana na Dunmore akiwa kaburini, na kwamba wale wawili waliopungua watafidiwa na moyo. Alilisema hilo nyumba kwa nyumba, na kila mlango watu waliitikia kwa kichwa na kumkaribisha kahawa. Sisi watu wa Solvik hatumwambii mtu hapana machoni pake. Tutakwambia labda, tutakwambia inavutia sana hiyo, kisha tutakuuliza habari za magoti yako.

Siku mbili baada ya ziara hizo, mabakuli yakaanza kuja. Nyama ya kusaga na viazi. Tambi na samaki wa kopo. Mchungaji alileta kuku na wali, akamshika Orville mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bwana akutie nguvu, ndugu yangu," alisema. "Kwa lolote litakalokuja."

"Amina," alisema Orville, na mchungaji alipogeuka tu, akaweka tiki.

Verna alikuwa akikwangua sufuria. "Mara ya mwisho tulipoletewa vyakula namna hii," alisema, "ulikuwa umevunjika nyonga."

"Si unaona wanavyonipenda?"

"Naona."

"Dalili ya mvua ni mawingu, mke wangu."

Verna aliendelea kukwangua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Jumatatu za kikao za miaka kumi na sita, alizokula peke yake mezani, zilikuwa zimeyapunguza zaidi.

Mpinzani alikuwa Britt Haugland, daktari wa mifugo, binti wa juzi tu. Orville alimkuta kituo cha mafuta Jumatatu, akamwonea huruma ya kweli.

"Eti binti, wewe umeletewa mangapi?"

"Mangapi nini, Mzee Orville?"

"Mabakuli."

"Mimi? Sijaletewa hata kijiko."

Orville alimpigapiga begani. "Usivunjike moyo. Umri bado unao."

Britt alimuuliza habari za magoti yake.

Asubuhi ya Jumanne ya uchaguzi mabakuli yalifika thelathini na nane. Orville alipiga kura yake mapema na Verna, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, wakapewa stika za kubandika kifuani, akamrudisha mkewe nyumbani, kisha akazunguka mjini mchana kutwa akisalimia watu. Furaha yake ilikuwa na mwiba mmoja tu. Kwenye orodha ukutani, jina la Lyle Tweten halikuwa na tiki. Lyle, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Lyle, ambaye kila majira ya baridi alitoboa naye barafu ya ziwani wakavua samaki. Iliuma.

Saa kumi jioni alimkuta mkahawani.

"Lyle, nina neno nawe."

"Sema, bwana."

"Mji mzima umeniletea chakula. Hata Ardis, ambaye hajawasha oveni miaka mitano sasa. Wewe rafiki yangu hujaleta hata kipande cha mkate. Nimekukosea nini?"

Lyle aliweka kikombe chini. Alimtazama kwa upole usio wa kawaida yake.

"Orville," alisema, "kwa nini nikuletee chakula? Mimi nimekupigia kura."

Orville alikaa ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Majina yote thelathini na nane yalimpitia kichwani, kuanzia la mchungaji. Kisha akawasha injini, akarudi nyumbani kwake, kwa mtu mmoja ambaye angalau hakuwa na haja ya kumficha kitu.

Jikoni kulikuwa na joto. Verna alikuwa ameinama mbele ya oveni, ile stika ya "Nimepiga Kura" bado iko kifuani, anatoa bakuli la nyama na viazi alilolipika mwenyewe, jibini likitokota juu yake.

"Kaa ule, mume wangu," alisema, bila kumtazama. "Lingali moto."