Moto wa Kijani

Saa nne asubuhi, moto katika karakana ya Pugu uligeuka kijani na kuanza kuvuma. Ulikuwa ukipuliziwa chupa ya mwisho ya spiriti yenye shaba iliyoyeyushwa.

“Dokta, nizime?” aliuliza Venance, fundi wa gesi.

“Acha,” alijibu mtafiti huyo. “Shaba hiyo inaungua.”

Juu ya chujio lililotegwa juu ya moto ulijikusanya unga mweusi, laini kuliko masizi. Kazi ya unga huo ilikuwa kuondoa sumu katika moshi wa mkaa. Unga wa majaribio mawili ya kwanza ulikuwa umeshindwa.

Huu mpya waliujaza kwenye mrija wa kioo, wakapitisha humo moshi wa jiko la mkaa. Kipimo cha sumu kwenye ncha ya pili kilishuka hadi sifuri.

“Betri imekwisha, Dokta.”

Dokta aliuchomoa mrija. Namba zikapanda. Akaurudisha. Zikashuka tena.