Chumvi ya Mfereji

Tangu wananchi walipoipigia kura sheria mpya, kila kilichouzwa mjini kilikatwa kodi kidogo, na mnunuzi mwenyewe ndiye aliyeiambia mashine ya dukani kodi yake ijenge nini. Bi Zawena wa mtaa wa Mikoroshini hakuwahi kubadili jibu. "Mfereji wa mtaa wetu," alisema kila alipolipa, kwa maana kila masika maji machafu yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda chake.

Basi akawa mtu wa kununua. Asubuhi chumvi, jioni viberiti, hata binti yake Tunu akakosa pa kuweka sufuria jikoni.

"Mama, chumvi yote hii tutaila lini?"

"Hiyo si ya kula, mwanangu. Hiyo ni saruji."

Tunu alicheka, lakini moyoni alimvulia kofia. Majirani nao wakamuiga, na kabla ya masika mitambo ya jiji ikaja yenyewe, bila dereva, ikachimba mfereji mpana na kuujengea zege. Mvua iliponyesha, mama na binti walisimama mlangoni wakiyatazama maji yakienda zake bila kugusa kizingiti.

"Sasa pumzika, Mama."

Bi Zawena alitazama mtaa wa ng'ambo, ambako watu walikuwa wakichota maji ndani kwa ndoo. Akachukua kikapu. "Na wale je?"

Mama alipogeuka, Tunu aliona masikio yake ni matupu. Hereni za dhahabu alizoolewa nazo, ambazo hakuzivua hata usingizini, hazikuwapo. Alitaka kuuliza, lakini mama alikwishavuka mfereji, akielekea dukani.