Mtihani wa Kusikiliza

"Sisikii kitu," alisema mkunga mwanafunzi, sikio lake likiwa bado kwenye ile pembe ya kusikilizia juu ya tumbo la binti yangu.

"Huu ni mtihani, dada. Tafuta mapigo ya mtoto," mwalimu wake akamjibu.

Binti yangu akacheka. "Amelala huyo. Mvivu kama baba yake."

Mwanafunzi akaihamisha pembe huku na huku, na kila mahali ikaacha alama ya duara kwenye ngozi. Mwishowe mwalimu akainama mwenyewe. Akasikiliza muda mrefu. Nikaanza kumwomba Mungu, nikakosa maneno.

Aliponyanyuka hakumtazama binti yangu.

"Ulisikiliza vizuri," akamwambia mwanafunzi polepole. "Sasa mwambie mama wa mtoto."

Binti yangu alikuwa bado anatabasamu, akizisugua zile alama zitoke.