Pesa ya Uzeeni

"Chukua namba ukakae, bosi," mlinzi wa mlangoni alimwambia, naye akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Na lilikuwa jina lake, ukitaka kusema kweli. Kwenye duka la shangazi yake la kufua nguo, alikofua na kupiga pasi miaka minane, hakuna aliyemwita vingine. Shangazi ndiye aliyelianzisha. "Bosi, shuka zimekauka?" "Bosi, shati la mwalimu!" Wateja walikuwa wanacheka, maana huyo bosi mikono ilikuwa imechubuka kwa sabuni, na mwenye duka amekaa kwenye kiti cha plastiki anajipepea kwa kipande cha boksi.

Leo alikuwa amekuja kuwa bosi kweli. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya kodi na michango, miguu imevimba, mimba ya miezi saba imemlalia mapajani. Kazi ilikuwepo: nyumba ya wageni ingempa shuka zake zote, ilimradi ajiandikishe. Lakini kilichomtoa nyumbani alfajiri si shuka. Alikuwa amesikia kwamba mtu aliyechangia, akijifungua, analipwa miezi mitatu akiwa ndani na mtoto wake. Naye alikuwa amechangia.

Kila mwisho wa mwezi shangazi alikuwa anampa mshahara umepungua. "Pesa ya uzeeni nimeshakata, mwanangu. Naipeleka mwenyewe." Na kweli alivaa viatu vya kutokea akaipeleka. Hakukosa hata mwezi mmoja. Hilo hata adui yake angemshuhudia.

Yeye ni mtu wa kutazama, si wa kuuliza. Aliona mengi akanyamaza. Siku ya kwanza kazini shangazi alimwekea karatasi tatu na kalamu: "Nisaidie saini, mkono wangu unatetemeka." Mkono huohuo jioni ulitia uzi kwenye sindano bila miwani. Aliona pia leseni ya duka imefunikwa kwa kalenda ukutani, eti isiharibiwe na mvuke. Miaka minane ikapita, kalenda ni ileile.

Mwezi uliopita shangazi alifunga duka.

"Nimechoka, mwanangu. Mgongo huu si wangu tena. Nawe kajiajiri sasa."

"Sijui hata pa kuanzia, shangazi."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Kujiajiri umeshakuzoea, bosi wangu!"

Namba yake ikaitwa. Dirishani alikuwepo mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Tukusaidie nini?"

"Nimekuja kuandikishwa. Najiajiri. Kufua na kupiga pasi." Akasogea karibu na kioo. "Na nauliza, mzee wangu. Nilipokuwa nimeajiriwa nilikatwa michango. Itanifuata huku?"

"Michango ni ya mtu, si ya duka. Inakufuata popote." Mzee akalitazama tumbo, akatabasamu. "Na hapo karibuni utaihitaji. Ila sasa hakuna wa kukukatia. Kodi unapeleka mwenyewe, mchango unapeleka mwenyewe. Ukiajiri mtu, unampelekea na yeye."

"Nimwajiri nani, mzee wangu? Mimi na beseni langu tu."

Mzee akacheka, akachukua kitambulisho, akaandika jina kwa vidole viwili. Akasubiri. Akaandika tena.

"Mbona umo humu tayari?"

"Si ndiyo hiyo michango?"

"Ipo. Miaka minane, haijaruka hata mwezi." Mzee alitikisa kichwa. "Nimekaa dirisha hili mpaka mvi zimenitoka. Mwajiri mwaminifu namna hii sijamwona."

"Ni shangazi yangu," alisema, na machozi yakamlenga. Aibu ilimshika. Njia nzima alikuwa akimfikiria vibaya dada wa baba yake, kwa zile karatasi na ile kalenda. Akapanga akitoka hapa apite kwake, amchotee maji, amkande ule mgongo.

"Jina lake nani, huyo shangazi?"

Akalitaja.

Mzee alisoma kwenye mashine, kisha akavua miwani, akaifuta taratibu kwenye shati, akaivaa tena. Akasoma mara ya pili.

"Huyu tumeshamlipa mafao yake yote," alisema. "Amestaafu mwezi uliopita. Mfanyakazi wako."

"Wangu?"

Karatasi tatu zikapita chini ya kioo. Saini aliijua; ilikuwa yake, ya kitoto, herufi zimelala.

"Mchango ulikuwa unamlipia yeye, binti. Wako mwenyewe hukuwahi kulipa." Mzee alishusha sauti. "Wala kodi ya duka, bosi. Miaka yote minane."