Mungu wa Watu wa Mtoni

Mkunga alipofumbua kiganja, kuhani aliona kijiwe cheusi kilicholowa, akajua huyo ndiye mungu wa watu wa mtoni.

"Toa hilo pepo nyumbani kwangu!"

Dini ya Moto ilifundisha kwamba miungu ya wengine ni mashetani walioiba majina. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyahubiri hayo hekaluni.

Kitandani, mkewe hakuwa akipiga kelele tena. Mtoto alikuwa amekwama tangu alfajiri.

"Baba kuhani, sisi hatusemi Moto wako ni shetani," alisema Tesharu, yule mkunga, huku akinawa. "Tunasema ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Lakini asipoitwa Mama wa Maji, mkono wangu siutii ndani kumgeuza mtoto."

"Basi mwite. Taratibu."

"Kwetu anayemwita ni baba wa mtoto. Tena kwa jina lake na kwa sauti, dirisha likiwa wazi."

"Waumini watanichoma, mama."

Midomo ya mgonjwa ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Kuhani alichukua kijiwe. Kilikuwa cha baridi, na maji yake yalimchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Akafungua dirisha. Waumini waliojaa uani kumwombea mkewe wakanyamaza, wakainua macho.

"Jina lenyewe la Mama wa Maji ni lipi?" akamuuliza Tesharu bila kugeuka.