Rangi ya Siwema

Studio ya Tamimu ilijaa wateja, naye alikuwa katikati ya kujisifu: picha mia nne za harusi, zote amezing'arisha kwa mkupuo mmoja.

"Na mie unitoe mzungu!" alidakia dada mmoja, benchi likaangua kicheko.

Mama Siwema aliinamia kompyuta kumtafuta bintiye, aliyemsindikiza bibi harusi kisha akafariki wiki mbili baada ya sherehe. Binti huyo hakuacha picha nyingine.

"Huyu nani?"

"Si Siwema huyo, mama! Nimemng'arisha kidogo."

"Siwema wangu mweusi. Nipe ile uliyompiga."

Kicheko kilikatika. Tamimu alifungua folda hii na ile, ingawa alikwisha jua. Picha mpya alikuwa amezihifadhi juu ya zile za mwanzo, kwa majina yaleyale.

"Haipo, mama," alisema, macho kwenye kibodi. "Nimeifuta mwenyewe."

Mama hakugomba. Alivuta kiti, akapandisha baibui hadi kiwikoni, akauweka mkono wake kando ya kioo cha kompyuta.

"Alikuwa rangi hii."

Tamimu akaanza kuupunguza mwanga wa picha, polepole. Rangi ya uso ikaikaribia ya mkono. Lakini meno nayo yakaanza kufifia, na maua, na taa zote za harusi.